Kuku Aliyemkatalia Babu Kiti

Mwalimu mkuu aliniita ofisini wakati wa mapumziko, nami nikaenda huku najikagua: nimechelewa lini, nimemkaripia mtoto wa nani. Kumbe ilikuwa habari ya heri. Kulikuwa na mradi mpya wa kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini wajue kusoma, fedha zake zinatoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na ulitaka walimu wa mkoa wetu wa Tanga waandike vitabu vidogo vya hadithi.

"Nimepeleka jina lako," alisema.

"Mimi? Mwalimu, mimi sijapata kuandika hadithi maishani."

"Na yale maandalio ya somo unayoniletea kila Jumatatu ni nini, kama si hadithi?"

Nilikuwa nimeshafundisha darasa la kwanza pale Makorora hadi nawafundisha watoto wa watoto niliowafundisha, na maandalio yangu mengi, kusema kweli, yalikuwa na mambo ambayo darasani hayakutokea.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Alitua kikombe cha kahawa, akafikiri.

"Watu wapande ndege kutoka huko kwao, waje Tanga kutufundisha a, e, i, o, u?"

"Hawaji kutufundisha. Wanakuja kutusaidia."

"Haya," alisema, akakiinua tena kikombe. "Nenda kawasaidie kutusaidia."

Warsha ilifanyika katika ukumbi wa hoteli kule Raskazone, ukumbi wenye kiyoyozi kikali hata walimu wa kike tukajitanda khanga mbilimbili kama wazazi waliotoka kujifungua. Waliotuongoza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwezeshaji, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, ambaye kompyuta yake alitembea nayo kifuani kama mtoto mchanga. Wa pili alikuwa mtaalamu wa usomaji kutoka nje, mama mrefu mwenye mvi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, huoni kunjo hata moja. Alikuwa ameambiwa kwamba huku pwani shikamoo ndiyo adabu, basi akaigawa bila kubagua. Alimwamkia mlinzi wa getini, akamwamkia dereva aliyemleta, akaniamkia na mimi niliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilijaribu kukataa kuitikia. Siku ya pili nikachoka, nikasema marahaba.

Akatueleza kwamba mtoto afundishwe sauti ya herufi, si jina lake. Sauti ya k si "ka" wala "ke", ni k peke yake, kavu, bila irabu nyuma. Tukaijaribu kwa pamoja. Ukumbi mzima wa watu wazima ukawa unajikwangua koo, na mhudumu akaingia mbio na maji ya kunywa.

Kisha ikaja kanuni yenyewe ya kuandika. Kitabu cha kwanza kisiwe na herufi yoyote ambayo mtoto hajafundishwa. Na hadi kufikia hapo mtoto atakuwa amefundishwa irabu zote tano, na m, na k, na t, na b. Basi.

Mwanzoni tulicheka, tukaona ni kazi ya dakika chache. Tulipoinama kuandika, kalamu zikakwama. Hakuna n, kwa hiyo hakuna "na" wala "ni", na hakuna mtu anayeweza kuwa na kitu chochote. Hakuna l, kwa hiyo hakuna wa kula wala wa kulala. Hakuna s, maana yake hakuna samaki. Nikamwambia mwezeshaji, kijana wangu, utaniandikishaje hadithi ya Tanga isiyo na samaki? Akasema samaki watakuja, tuwe na subira, s iko karibu.

Jirani yangu wa meza alikuwa mwalimu kutoka Lushoto, Mlutheri, mwongoza kwaya kanisani kwao, mtu mzito wa maneno na mwepesi wa moyo. Alikuwa wa kwanza kumaliza. Alisimama akasoma kwa sauti ya besi:

"Kaka ameiba kitabu. Kaka ametubu."

Tukapiga makofi. Mwezeshaji akakuna kichwa. "Mwalimu, ni nzuri, lakini tunaanza na wizi?"

"Na toba," alisema yule mwalimu. "Nilitaka kumtaja Mungu, lakini n na g hamjazileta. Mmeleta dhambi tu. Nimeifanyia kazi hiyo hiyo mliyonipa."

Mimi saa nne ya chai ilinikuta na karatasi nyeupe. Nikanywa chai, nikala kitumbua, na nikiwa bado natafuna nikamkumbuka kuku wangu.

Nyumbani kwangu tunaishi na baba mkwe wangu, ambaye watoto wangu humwita babu na sisi sote tukafuata. Ana kiti chake cha plastiki barazani. Siku hizo nilikuwa na kuku mmoja wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, mtagaji hodari, ambaye kila babu akienda msikitini alasiri hupanda kile kiti akatulia. Babu akirudi humkuta amekaa. Ni mtu asiyejua kupiga. Husimama mbele yake na kusema, "Bibi, nipishe basi." Kuku humtazama kwa jicho moja. Babu hugeukia upande mwingine, akidhani labda lile jicho la pili lina huruma zaidi. Mara nyingi mwisho wake ni babu kukaa mkekani na kuku kubaki kitini, na majirani wakipita wanawaamkia wote wawili.

Nikaandika:

"Babu ametoka. Kuku ameketi katika kiti. Babu ametaka kiti. Kuku amekataa. Mama ameita, kuku, toka! Kuku amekataa. Kaka ameita, kuku, toka! Kuku amekataa. Babu ameketi katika mkeka."

Najua hakuna mtu wa Tanga anayesema "katika kiti". Tunasema kitini, au kwenye kiti. Lakini n haikuwapo, na w na y ndiyo kabisa.

Siku ya mwisho tulisoma hadithi zetu mbele ya afisa wa elimu, bwana aliyefunga vifungo vyote vya shati hadi kooni. Nilipomaliza, wenzangu walikuwa wakicheka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "huyu kuku ana adabu gani?"

"Ni kuku, mheshimiwa."

"Mzee anakaa chini, kuku anakaa juu. Hapo tunamfundisha nini mtoto?"

"Kusoma, mheshimiwa."

"Kusoma nini? Kusoma ukaidi?"

Mjadala ukawaka. Mwalimu wa Lushoto akapendekeza kuku atubu, herufi zipo. Mwezeshaji akafungua kompyuta akasema mwongozo wa mradi unauliza kwa nini mama ndiye anayemfukuza kuku na si baba. Nikamwambia kwa kuwa baba yuko kazini. Akauliza kama mama naye hawezi kuwa kazini. Nikamwambia mama ni mimi, na ndiye huyu uliyemtoa kazini ukamleta hapa. Yule mtaalamu wa kigeni akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi nimempenda kuku," alisema. "Ana msimamo."

"Mama," alisema afisa kwa upole, "kuku wa kwetu hana msimamo. Ana supu."

Mwishowe akaamua mwenyewe. Nibadilishe neno moja tu, pale kwenye "amekataa" niweke "ametii". Herufi zote zilikuwapo, sikuwa na kisingizio. Nikasimama nikasoma: "Babu ametoka. Kuku ameketi katika kiti. Babu ametaka kiti. Kuku ametii." Nikaketi.

Kiyoyozi kikanguruma. Afisa alikuwa bado ameinamisha kichwa anasikiliza, kisha akakiinua.

"Ndiyo imeisha?"

"Ametii, mheshimiwa. Kumebaki nini tena?"

Alitutazama, akatazama dari, akafungua kifungo cha kooni. "Mrudishe akatae," alisema. "Lakini babu achorwe anatabasamu, ionekane ameridhia mwenyewe."

Kazi ya kuchora alipewa kijana wa Ngamiani ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchora mabango ya vinyozi. Alikuwa na mkono mzuri, ila kila kichwa alichokichora kilikuwa kimetoka kunyolewa. Babu akatokea ana ndevu zilizochongwa kwa wembe na nywele zimepunguzwa pembeni, anatabasamu kama bwana harusi. Kuku alipewa kope ndefu. Nikamwambia kuku hana kope. Akaniambia, "Mama, asipokuwa na kope huwezi kuona kwamba anakataa." Nikamtazama tena yule kuku, nikaona ni kweli.

Kabla ya kuvichapa, tulipeleka nakala za majaribio katika shule moja ya Tongoni, mimi, mwezeshaji na yule mtaalamu. Mwalimu wa darasa la kwanza pale alikuwa binti mdogo, mwaka wake wa kwanza kazini, na tulipoingia alipangusa ubao ambao ulikuwa umeshapanguswa. Watoto walikaa kwenye mikeka, magoti juu. Mtaalamu akawaamkia shikamoo. Darasa zima likajibu "marahaba!" kwa furaha ambayo nadhani hawajapata tena.

Wa kwanza kusoma alikuwa binti mwenye pengo la meno ya mbele. Alikipokea kitabu, akaweka kidole chini ya neno, akaanza kusukuma. "Ba-bu... babu... a-me-to-ka." Alisoma kama mtu anayevuta ndoo kisimani, kila silabi inapanda na uzito wake. "Ku-ku... a-me-ke-ti... ka-ti-ka... ki-ti." Alikuwa hajatazama picha bado. Kidole kikarudi nyuma, akasoma tena kwa midomo tu, bila sauti. Kisha akacheka.

Nimefundisha kusoma miaka mingi. Nimewasikia watoto wakisoma kwa kuimba, kwa kulia, kwa kulala usingizi. Nilikuwa sijamwona mtoto akicheka kwa kitu alichokitoa mwenyewe kwenye maandishi, pale pale, kama mtu aliyefunua chungu. Ilibidi nijifanye natafuta kalamu kwenye mkoba.

Akaendelea. "Babu ametaka kiti." Akavuta pumzi, akamaliza kwa kishindo: "Kuku kakataa!"

Mtaalamu akaandika alama ya kosa. Nikamgusa mkono.

"Mama, hajakosea."

"Imeandikwa amekataa. Yeye amesema kakataa."

"Ndivyo wanavyosema kwao. Kaja ni amekuja, kala ni amekula. Huyu amesoma kwa lugha ya kitabu, akaipeleka nyumbani kwao, akanirudishia ya Kimtang'ata, lahaja ya hapa kwao. Kama angekuwa hakuelewa, angeweza?"

Mtaalamu akafuta ile alama, akanong'ona mara mbili, "kakataa, kakataa," akilionja lile neno, na tangu siku hiyo akawa analitumia mahali pote, hata pasipostahili.

Yakaja maswali ya ufahamu. Mwezeshaji akamwuliza yule binti, "Babu alitaka nini?"

"Mchuzi."

Mwezeshaji akatazama karatasi yake, ambayo jibu lake lilikuwa kiti. "Mchuzi umeandikwa wapi?"

"Haujaandikwa."

"Sasa umejuaje?"

Binti alimwonea huruma. "Mzee anamtazama kuku hivyo," alisema akionyesha picha ya babu anatabasamu, "halafu wewe unasema anataka kiti?"

Darasa likapasuka. Mmoja akasema kuku asiondoke, yeye ndiye aliyewahi. Mwingine akasema kiti ni cha babu, kuku aende bandani. Wakafika mahali pa kusukumana. Mwalimu wao akawa anahangaika kuwatuliza mbele ya wageni, na mtaalamu akamzuia, akisema waache, waache, miaka yote natafuta darasa linalogombana kwa ajili ya kitabu.

Vitabu vilipochapwa, nilikwenda tena Tongoni na gari la mradi kuvipeleka. Yule mwalimu binti alinipokea getini. "Kuna mzee anakusubiri," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba hana la kunisaidia.

Alikuwa babu yake yule binti mwenye pengo, mzee mwembamba mwenye kofia safi. Mjukuu wake alikuwa ameinakili hadithi yote kwenye daftari tangu siku ya majaribio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwenye kuku?"

Nikakiri.

"Kila magharibi mjukuu wangu hunisomea. Kila magharibi yule mzee mwenzangu hukaa chini. Nimengoja ainuke, hainuki. Hivi hapo kwenu hakuna kisu?"

"Babu, hadithi inahitaji kuchinja, na kuchinja kuna ch na nj. Hizo hazijafundishwa. Ni za mwisho kabisa, hadi darasa la pili."

"Kuchinja kuku ni darasa la pili?"

"Kuandika kuchinja, babu."

Alikuwa amejiandaa, maana mjukuu alikuwa amemweleza herufi zilizopo. "K unayo. T unayo. Andika babu amemkata."

"Kuku wa kukatwa bila kuchinjwa si kibudu, babu? Utamla?"

"Astaghfirullah," alisema haraka, akatazama pembeni kama aliyeponea chupuchupu. Kisha akashusha sauti. "Basi leteni hizo herufi upesi. Mzee anaumwa kiuno."

Nilimwahidi, na niliahidi kwa moyo mmoja, kwa sababu vitabu vya darasa la pili vilikuwa kwenye mpango. Nilishaiandika sehemu ya pili, yenye kisu, mchuzi na wali, herufi zote zimejaa tele. Kijana wa Ngamiani alishamchora babu akinoa.

Haikutoka. Asubuhi moja tuliamka tukakuta ujumbe kwenye kundi letu la simu kwamba huko zinakotoka fedha mambo yamebadilika, na shughuli zote zimesimama mara moja. Mwezeshaji aliandika "poleni sana walimu" na kesho yake akatoka kwenye kundi. Mwalimu wa Lushoto aliandika neno moja, "Tutubu," na sikujua alikuwa anamwambia nani. Mtaalamu alinipigia simu kuniaga. Alisema shikamoo, nikasema marahaba. Nilikuwa na uchungu. Si kwa ajili ya warsha wala kiyoyozi. Unapoonjeshwa kitu kinachofanya kazi, kisha sahani ikaondolewa, huwezi kuketi tena ulivyokuwa ukiketi mwanzo.

Mume wangu hakunitania. Alinimiminia kahawa tu, jambo ambalo kwake ni hotuba.

Baada ya muda yule mwalimu wa Tongoni alinipigia. Alikuwa ameendelea peke yake, kwa chaki na vile vitabu vya kwanza ambavyo pembe zake zilishaliwa. Akaniambia watoto walichoka kungoja sehemu ya pili, wakaiandika wenyewe ubaoni. Walitaka kuandika kwamba kiti kimevunjika, lakini nj ilikuwa haijafika, wakatafuta neno jingine.

"Wameandika nini?"

"Kiti kimekatika."

Nilicheka hadi nikakaa. Nikamwuliza babu wa yule mwenye pengo amesemaje.

"Amesema ni haki, sasa wote wawili wako chini. Ila anauliza kama mchuzi bado uko palepale."

Mimi nikarudi kwenye darasa langu la Makorora. Nilibakiza yale ya sauti, nikayachanganya na ya kwangu ya zamani, na watoto wa mwaka huo walianza kusoma mapema kuliko wote niliowahi kuwa nao. Walisoma mifuko ya unga, fulana za watu, migongo ya bajaji. Wazazi walilalamika kwamba hawawezi tena kupita mahali kwa amani.

Siku moja niliwapeleka uwanjani kwa michezo, wameshikana mikono wawili wawili, tukapitia uchochoro wa nyuma ya maduka. Bwana mmoja wa makamo alikuwa amesimama akitazama ukuta, mgongo kwetu, ameshaanza shughuli yake. Juu ya kichwa chake palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu. Nikataka kuwageuza watoto, nikachelewa. Wa mbele alishanyoosha kidole.

"U-si..."

Darasa likapokea, kwa ile sauti moja niliyowafundisha mwenyewe, polepole, kila silabi mahali pake:

"U-si-ko-jo-e... ha-pa! Usikojoe hapa!"

Wakajipigia makofi, kama tufanyavyo darasani sentensi ikikamilika. Yule bwana hakuweza kukimbia wala kukatisha. Aligeuza shingo tu, masikini, akaniona.

"Mwalimu," alisema kwa unyonge, "si uwafundishe kusoma kimoyomoyo?"

"Muhula ujao, baba," nilimwambia, nikawavuta watoto tukaenda zetu.